Chembe, seli au hemositi: jina lipi uitie damu?

Karatasi ya hemogramu, yaani hesabu ya vilivyomo kwenye damu, inayotolewa na maabara za Mombasa, iwe ni hospitali ya Makadara au kliniki ya ghorofani pale Mwembe Tayari, huja na herufi tupu: WBC (seli nyeupe), RBC (seli nyekundu), HGB (hemoglobini, inayobeba oksijeni), PLT (platileti, zinazosaidia damu kuganda). Mwenye karatasi akishatoka nayo nje ndipo Kiswahili kinapoanza kutafutwa. Huyu atamwambia chembe zake zimeshuka, yule atasema seli, redioni atasikia chembechembe, na mwanawe anayesomea maabara chuoni Tudor atamletea erithrositi na lukositi. Wote wanazungumzia kitu kile kile kilichomo kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau.

Ulinganisho huu ni wa yule anayelazimika kuchagua: anayeandika tangazo la kuchangia damu, mtangazaji wa kipindi cha afya, mwalimu, mwanafunzi wa maabara anayetakiwa kumweleza mama wa mtu majibu yake. Nitasema mapema ninakoegemea ili usinisome kwa kunivizia. Mimi ni mtu wa seli. Hata hivyo kuna mahali seli haifai hata kidogo, na mahali hapo chembe inaishinda bila jasho.

Chembe

Neno hili halihitaji kufundishwa. Chembe ya mchele, chembe ya mchanga, hana hata chembe ya haya. Mtu wa Kisauni ambaye hajaingia darasa la biolojia maishani mwake ukimwambia damu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe, atapata picha ya vitu vidogo vingi vinavyoelea ndani ya maji, na picha hiyo ni ya kweli. Kwa tangazo la sekunde thelathini hewani, huhitaji zaidi.

Kihistoria pia chembe lina hoja nzito kuliko wanavyodhani wanaolicheka. Waliovitazama vitu hivi mwanzo hawakuviita seli. Mholanzi Jan Swammerdam aliviona kwenye damu ya chura mwaka 1658. Mwenzake Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft aliyejisagia lenzi zake mwenyewe, akavieleza vya binadamu mwaka 1674, naye aliviona kuwa ni vijitufe. Karne iliyofuata William Hewson wa London akaonyesha kwamba si tufe, ni bapa. Jina lililokaa Ulaya kwa muda mrefu lilitokana na Kilatini corpusculum, yaani mwili mdogo, na Wajerumani wanalo jina la namna hiyo hiyo mpaka leo. Waarabu nao husema kurayyat, na aliyepita madrasa akajua kwamba kura ni tufe atatambua mara moja kwamba hapo tufe limedogoshwa. Kwa hiyo aliyeandika chembe nyekundu kwenye vitabu vyetu vya zamani hakuwa akibahatisha. Alifuata desturi ya wenye fani wenyewe, ya kukitaja kitu kwa udogo wake bila kudai kujua kilivyoundwa.

Taabu ya chembe ni kwamba limebebeshwa mizigo mingi. Kuna chembechembe za urithi, ambazo ni jeni. Kuna chembe za vumbi, chembe za fizikia, na vitabu vingine vina chembehai, ambayo ni seli yoyote, iwe ya damu au ya jani la mwembe. Juu ya yote, hapa Pwani mtu ana chembe cha moyo, pale chini ya kifua mahali mbavu zinapogawanyika, na ndipo anapoweka mkono akiumwa na vidonda vya tumbo. Ukisimama kwenye dirisha la maabara utasikia mazungumzo ya aina hii:

"Mamangu, chembe zako ziko chini kidogo."

"Chembe? Mwanangu, mimi chembe hakiniumi. Naumwa na miguu, na kichwa kinanizunguka."

Kijana amesema kweli, na mama amesema kweli. Angeanza na "chembe nyekundu za damu", maneno yote manne bila kukata, wasingepishana. Kwa kinywa hilo linawezekana. Kwa mwandishi wa makala ya kurasa nne ambaye atalirudia jambo hilo kila aya, linachosha, na siku atakayolikata atamchanganya msomaji.

Seli

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata ubamba wa kizibo cha gome la mti, akauweka chini ya hadubini, akaona vyumba vyumba. Akavipa jina la Kilatini cella, chumba kidogo cha aina wanayokaa watawa. Alichokiona kilikuwa kuta tu, uhai wenyewe ulishatoka kitambo. Ilibidi ifike 1838 na 1839 ndipo Matthias Schleiden kwa upande wa mimea na Theodor Schwann kwa upande wa wanyama waseme kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa vyumba hivyo. Hapo vijitufe vya damu vikaingizwa kwenye ukoo mmoja na ngozi, maini na ubongo.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya seli: linaunganisha. Msomaji akishajua seli ya damu, umempa nusu ya njia ya kuelewa saratani, chanjo, mimba na mmea. Chembe halina uwezo huo.

Kasoro yake kwa Mombasa ni ya kuchekesha kidogo. Seli, kwa mtu wa mtaani, ni pale unapolala ukikamatwa usiku huna kitambulisho. "Amelala seli" hakumhusu daktari wala hadubini. Na si ajali ya lugha, kwa kuwa seli ya polisi na seli ya Hooke ni chumba kile kile cha Kilatini. Sijaona, hata hivyo, mtu aliyekwama hapo kwa zaidi ya sentensi moja. Ukishasema seli za damu, polisi wanaondoka wenyewe.

Kinachonifanya niliegemee neno hili ni uwezo wake wa kuzaa. Tazama selimundu. Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za mgonjwa ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimepinda kama mundu. Kiswahili kikaunganisha maneno mawili, kikapata jina fupi linalotamkika na linaloeleza. Watu wengi hapa bado husema sikoseli, lakini selimundu limeshaingia kwenye taarifa za habari na kwenye mikutano ya wazazi wa watoto wenye ugonjwa huo. Jaribu kuunda jina kama hilo kwa chembe uone litakavyokuwa gumu kinywani.

Na ugonjwa huu una uhusiano wa karibu na Pwani. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii mwaka 1949. Akakuta wanaobeba jeni ya selimundu ni wengi karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na ndiyo maana jeni yenye madhara haikufutika. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Ukiandika habari hii kwa wasomaji wa Kilifi au Likoni, selimundu na seli nyekundu vinakwenda pamoja bila kumpeleka msomaji mbio. "Ugonjwa wa selimundu hupinda chembe nyekundu" ni sentensi inayochechemea, kwa sababu jina la ugonjwa linasema hivi na maelezo yanasema vile.

Kuna pingamizi moja la kitaalamu ambalo wanafunzi hulipenda. Seli kamili ina kiini, na seli nyekundu ya binadamu ikishakomaa haina. Hukitupa kabla ya kutoka kwenye uboho wa mfupa, ikabaki sahani iliyobonyea katikati, yenye upana wa mikromita 7 hadi 8, imejaa hemoglobini. Huzunguka mwilini kwa takriban siku 120, kisha bandama na ini huivunja. Je, bado ni seli? Wenye fani wameamua kuwa ni seli, kwa sababu ilianza na kiini na bado ina utando na kazi yake. Mimi naona uamuzi huo unatosha. Atakayetaka ushahidi wa macho akatazame damu ya kuku wa Kongowea chini ya hadubini: seli zake nyekundu ni mviringo wa yai na kiini kiko pale pale katikati. Samaki vivyo hivyo. Ngamia wanaobeba watalii ufukweni Bamburi ni kichekesho kingine, kwani seli zao nyekundu nazo zina umbo la yai kama za ndege, ila kiini hazina, maana ngamia ni mamalia kama sisi. Umbo hilo ni moja ya sababu zinazomwezesha kunywa maji mengi kwa mkupuo bila seli zake kupasuka.

Majina ya -siti

Hapa tunaingia Ugiriki. Kytos ni chombo chenye uwazi ndani, mtungi kwa mfano, na wanasayansi wa karne ya 19 walilichukua liwe kiambishi cha seli. Haima ni damu, erythros ni nyekundu, leukos ni nyeupe, thrombos ni bonge la damu iliyoganda. Ukiviunganisha unapata hemositi, erithrositi, lukositi na thrombositi. Mtindo wenyewe ni mzuri: kila jina limebeba maelezo yake, na mwanafunzi akishajua vipande vinne anaweza kukisia majina kumi.

Kabla ya kuyatumia, amua tahajia. Wapo wanaoandika erithrosaiti na lukosaiti kwa kufuata matamshi ya mwalimu aliyesoma kwa Kiingereza. Mimi nachukua -siti, kwa sababu Kiswahili tayari kina lukemia, hemofilia na hemoglobini, yaliyosimama kwa sauti zao za Kigiriki na Kilatini. Lukositi linakaa vizuri kando ya lukemia. Lukosaiti linakaa kama mgeni aliyevaa suti kwenye harusi ya kanzu. Lakini ukishachagua -saiti, basi iwe -saiti mpaka mwisho. Kipeperushi chenye limfositi ukurasa wa kwanza na monosaiti ukurasa wa pili hakimsaidii mtu.

Faida ya majina haya kwa Kiswahili ni ndogo kuliko watumiaji wake wanavyotaka iwe. Kwa nyekundu na nyeupe, tuna majina mepesi yanayosema jambo lile lile, na erithrositi halimwongezei msomaji wa kawaida chochote isipokuwa hofu. Yanapofaa ni kwenye orodha ya aina za seli nyeupe: limfositi na monositi hazina majina mengine yaliyozoeleka. Tatu zilizobaki, neutrofili, esinofili na basofili, haziishii kwa -siti. Hizo zilipewa majina kwa rangi. Mjerumani Paul Ehrlich, mwishoni mwa miaka ya 1870, alizipaka seli rangi mbalimbali akaona kila aina ina rangi inayoipenda, na -fili ni kupenda kwa Kigiriki. Esinofili hupenda eosini, rangi nyekundu, na idadi yake hupanda mtu akiwa na minyoo fulani au mzio. Nimeona mtu akiandika "seli zinazopenda asidi". Tafadhali, hapo acha Kigiriki kibaki.

Hemositi ni ya kamba

Neno ambalo huwavuta wengi ni hemositi, kwa sababu kwa maana ya vipande vyake ni "seli ya damu", basi. Linaonekana ndilo jina kuu la ukoo. Ukilifuatilia kwenye maandishi ya biolojia, hata hivyo, utalikuta zaidi kwa wadudu, kaa, kamba na chaza kuliko kwa binadamu. Kwa wanyama hao wasio na uti wa mgongo, damu haijafungiwa kwenye mishipa yote kama yetu. Wengi wao wana umajimaji unaoosha viungo moja kwa moja, uitwao hemolimfu, na seli zinazoelea humo ndizo hemositi.

Mpasue kaa wa mikoko sokoni ukatafute wekundu, hutauona. Kinachotoka ni maji maji yaliyofifia, na yakipata hewa yanavuta buluu kidogo. Kinachobeba oksijeni humo ni hemosayanini, yenye shaba mahali ambapo hemoglobini yetu ina chuma, nayo imeyeyuka kwenye hemolimfu yenyewe, haimo ndani ya seli. Kwa hiyo hemositi za kaa hazifanyi kazi ya seli zetu nyekundu. Kazi yake ni ulinzi: humeza vijidudu, huvizunguka vitu vigeni, na husaidia kuziba jeraha mguu ukikatika. Kama unaandika habari za ufugaji wa kamba au kaa kwa ajili ya vikundi vya Mtwapa na Tudor Creek, neno lako ndilo hili na hakuna la kushindana nalo. Ukiliweka kwenye karatasi ya mgonjwa wa Makadara, umemwita kamba.

Kuna deni moja, hata hivyo, ambalo seli nyeupe zetu zinadaiwa na viumbe wa baharini. Mwaka 1882 huko Messina, Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza. Alichagua mnyama huyo kwa kuwa mwili wake unapenya nuru, na akaweza kutazama kwa hadubini seli zikikusanyika kuuzunguka mwiba ule. Kutokana na hapo akaeleza kazi ya seli zinazomeza adui, fagositi, na mwaka 1908 akagawana Tuzo ya Nobel na yule yule Ehrlich wa rangi. Anayetaka kumfundisha mtoto wa Pwani kinga ya mwili na akaanzia kwenye kiti cha pweza, hajatoka nje ya somo.

Askari wa mwili?

Pembeni ya majina haya matatu kuna la nne ambalo halimo kwenye kamusi za biolojia lakini limeenea kuliko yote: askari wa mwili. Lilikuja kwa nguvu na elimu ya ukimwi, pamoja na CD4, yaani hesabu ya zile seli nyeupe zinazoshambuliwa na virusi hivyo, na lilifanya kazi nzuri. Mtu aliambiwa virusi vinaua askari wake, akaelewa, akameza dawa.

Shida huanza pale idadi inapopanda. Askari wakiongezeka si ndiyo usalama? Kiwango cha kawaida cha seli nyeupe kwa mtu mzima ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa kila mikrolita (sehemu moja ya milioni ya lita) ya damu. Ikifika elfu kumi na tano huenda mwili unapambana na maambukizi. Ikifika laki moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni saratani, na seli zile hazilindi kitu. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyeipa saratani hiyo jina la lukemia miaka ya 1840, kwa maana ya damu nyeupe, kwa sababu seli nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mzazi aliyefundishwa askari tu atafurahia karatasi ambayo ilipaswa kumkimbiza hospitali. Ndiyo maana mimi huandika seli nyeupe, na askari nikimtaja namtaja mara moja tu, kwa kupita.

Weupe wenyewe, kwa yule atakayeuliza, si wa rangi. Chini ya hadubini bila kupakwa dawa, seli hizi hazina rangi yoyote. Lakini chukua kichupa cha damu isiyoganda, kizungushe kwenye mashine au kiache kimesimama kwenye kishikio. Baada ya muda utaona chini tabaka zito jekundu, karibu nusu ya kichupa. Juu, maji ya manjano, ambayo ni plazma. Na katikati yake, ukiinamisha jicho, ukanda mwembamba mno, mweupe wenye ukungu. Ukanda ule ndio seli nyeupe, pamoja na kitu kingine ambacho ndicho kinacholeta ubishi mkubwa kuliko vyote.

Chembe sahani, na hapa sibadili neno

Homa ya dengi ilipozuka Mombasa mwaka 2013, na tena 2017 na 2021, watu wengi wakajifunza neno jipya kwa lazima: platileti. Dengi huzishusha, na mgonjwa hupimwa tena na tena kuona kama zinapanda. Kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Ndugu wanaomsubiri mgonjwa nje hutajiana namba hizo kama matokeo ya mpira.

Je, tuziite nini tunapoandika? Kuna platileti, vigandisha damu, thrombositi, seli sahani na chembe sahani.

Seli sahani niliondoe kwanza, kwa kuwa si kweli. Vitu hivi si seli. Ndani ya uboho wa mfupa kuna seli kubwa sana, megakariositi, ambayo humeguka kingo zake na kutoa vipande kwa maelfu. Vipande hivyo, visivyo na kiini tangu kuzaliwa kwake, ndivyo vinavyoingia kwenye damu na kuishi humo siku 7 hadi 10. Muitaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyevieleza vizuri mwaka 1882, akaonyesha vinavyogandamana mahali mshipa ulipojeruhiwa, na jina alilovipa kwa lugha yake lilimaanisha visahani. Thrombositi linaanguka kwa sababu hiyo hiyo, kwani -siti ni seli. Kwa kuku na samaki ni sawa kabisa kusema thrombositi, maana zao ni seli kweli zenye viini.

Vigandisha damu ni jina la kazi, na lina ladha nzuri ya Kiswahili. Nililipenda mpaka nilipoliweka kando ya hemofilia. Mgonjwa wa hemofilia ana platileti za kutosha, na damu yake bado haigandi sawasawa, kwa sababu kinachokosekana ni protini fulani kwenye plazma. Ukishamwambia mamake kwamba vigandisha damu vya mtoto viko sawa, umemwekea kitendawili kisicho na faida.

Inabaki chembe sahani, na udhaifu wa chembe nilioutaja mwanzo hapa unageuka kuwa nguvu. Chembe haidai kuwa chumba, haidai kiini, inadai udogo tu. Sahani inaleta umbo. Platileti ni sawa kwa mazungumzo, na kwa tangazo la dharura la kutafuta wachangiaji ndilo litakalosikika haraka. Liandike likiwa la kwanza, kisha chembe sahani lifuate. Kwenye tangazo hilo hilo taja muda, kwa sababu ndio unaoshtua watu: chembe sahani zikishatolewa huhifadhiwa siku 5 tu kwa kawaida, tena kwenye joto la chumba zikitikiswa taratibu, ilhali seli nyekundu hukaa baridini wiki 5 au 6.

Maneno yale yale, mara tatu

Chukua matokeo ya mtu mmoja: seli nyekundu chache, nyeupe kawaida, platileti chini. Kwa mdomo, dirishani:

"Mama, damu yako imepungua, na vile vinavyosaidia damu kuganda viko chini. Ukijiona unatokwa damu kwenye ufizi au puani, usingoje kesho."

Hakuna chembe, hakuna seli, na hakuna kilichopotea. Kwa kipeperushi:

"Seli nyekundu za damu ni chache kuliko kawaida. Chembe sahani pia zimepungua. Seli nyeupe ziko sawa."

Kwa maandishi ya chuoni:

"Mgonjwa ana upungufu wa seli nyekundu na wa chembe sahani, hesabu ya lukositi na mgawanyo wa aina zake ni wa kawaida."

Utaona hata kwenye hiyo ya tatu lukositi limeingia peke yake, kwa sababu baada yake zinafuata neutrofili na limfositi na wenzao, na orodha inapendeza ikianza na neno la nyumba hiyo hiyo.

Upatanisho wa kisarufi nao uangaliwe, maana ndipo wahariri wanapokamata wengi. Seli ni seli hii na seli hizi: seli nyekundu, seli nyeupe, seli nyingi. Chembe ya damu hufuata njia hiyo hiyo, chembe hii, chembe hizi. Chembe cha moyo na chembe cha mshale vina njia yao, hiki na hivi, kwa hiyo "chembe chekundu cha damu" ni kosa hata kama sikio la Pwani linalikubali. Selimundu huandikwa neno moja ukitaja ugonjwa. Na namba zikiwa zimetoka kwenye mashine ya maabara, WBC ya 7.2 mara kumi kwa kipeo cha tisa kwa lita ni sawa na seli nyeupe 7,200 kwa mikrolita. Mwandikie msomaji hiyo ya pili.